Mgonga Mawe wa Lodwar na Jiwe la Kumi na Nne

Nakuleu hakumaliza darasa la tatu, na jambo hilo halimkoseshi usingizi. Anachokijua amekijua kwa masikio. Mpe jiwe lolote lililookotwa kati ya Lodwar na Lokitaung, atalishika kwa mkono wa kushoto, ataligonga mara mbili kwa nyundo yake fupi, kisha atakwambia kama lina ufa ndani, kama limeoza upande wa chini, na kama linafaa kwa msingi wa nyumba au ni la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mafundi wote wa Lodwar wanamjua. Fundi anayetaka kokoto ngumu huwapita wanawake wengine na marundo yao kando ya barabara, anakwenda moja kwa moja kwake, na wale wengine wanabaki wakisonya. Nakuleu huwasalimu wote, ejoka, ejoka noi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Ana kiburi, tuseme ukweli. Lakini ni kiburi alichokitolea jasho. Alizaliwa kwenye vilima vya magharibi, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Kakuma, binti wa Lokiru, mzee aliyekuwa na ngamia wachache na maneno mengi. Ukame mmoja ulichukua ngamia, uliofuata ukachukua mbuzi, na wa tatu ulipofika ulimkuta Lokiru mwenyewe hana nguvu tena. Walipokwisha kumzika, Nakuleu alimfunga binti yake Nawoi mgongoni akashuka Lodwar, mahali ambapo hakuwa na hata shangazi. Nyundo ya kwanza aliazimwa na mwanamke aliyekuwa anakwenda kujifungua. Mwenyewe aliporudi kuichukua, akakuta rundo la Nakuleu limelipita lake, akasema basi kaa nayo wiki nyingine. Hiyo ni miaka ishirini sasa. Nawoi ameolewa Kalokol, ana watoto wawili, na mama yake bado anagonga mawe.

Ni mawe meusi ya volkano, yale yanayozunguka mji wa Lodwar kila upande na kupika nyayo za watu mchana. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwuliza yametoka wapi. Mtu wa kwanza kumwuliza alikuwa Daktari Lueth.

Lueth si daktari wa sindano, na ilimchukua Nakuleu muda kuacha kumweleza habari za goti lake. Ni mwana wa Sudan Kusini aliyeletwa Kakuma akiwa na miaka sita, akasoma chini ya mabati ya kambi, akashinda mitihani mpaka chuo kikuu kikamchukua Nairobi, na huko akasomea kemia ya mawe. Miaka minne iliyopita alirudi Turkana akiwa na gari la chuo, magunia matupu na swali moja. Alisimama mbele ya rundo la Nakuleu, akamwomba amvunjie jiwe moja kwa namna ya pekee: amenye ngozi yote iliyochomwa na jua, atupe kila sehemu yenye kutu, abakize moyo tu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Wanawake watatu walikuwa wamejaribu asubuhi ile wakamkabidhi unga na vumbi. Nakuleu aligonga kidogo kidogo, akigeuza, akisikiliza, mpaka jiwe likavuliwa ngozi yote. Lueth alivitazama vile vipande kwa kioo chake, akacheka peke yake, na siku hiyo hiyo wakapatana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lueth alitoa mawe vilimani na kuyaleta Lodwar kwenye mifuko yenye namba. Nakuleu aliyamenya na kuyavunja uani kwake. Kila Alhamisi alipanda na vipande mpaka Kakuma, ambako Mkongomani mmoja jina lake Mukendi alivisaga kuwa unga laini kuliko poda ya mtoto. Mukendi alikuwa fundi wa maabara ya mgodi kule Lubumbashi kabla vita havijamfukuza, na kwa miaka kumi kambini alikuwa ametengeneza redio za watu huku mikono ikimwasha kwa hamu ya mawe. Sasa alikuwa na kibanda chenye umeme, mashine ya kukatia, na bakuli la kusagia la akiki, jiwe gumu kama kioo, ambalo hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Unga wake ulitiwa kwenye vichupa na kupelekwa ng'ambo kupimwa.

Mtu hawezi kuvunja mawe ya watu miezi kadhaa bila kuuliza yanatafutiwa nini, na kuuliza si ujinga. Siku moja Lueth aliketi kwenye kopo la rangi lililofunikwa, akamweleza. Alisema mawe ya kijani aliyokuwa akiyatoa vilima vya magharibi ni ya kale kupita kiasi, kabla ya mnyama, kabla ya nyasi, na kwamba wakati yanazaliwa hapa palikuwa bahari. Sakafu ya bahari moja ilizama chini ya nyingine. Ilizama na maji na tope lililobanwa ndani yake, na huko chini kwenye joto yale maji na lile tope vikapanda, vikayeyusha mwamba wa juu, volkano zikatokea zimejipanga katika mstari uliopinda kama upinde. Nyuma ya upinde huo ardhi ikavutwa mpaka ikachanika. Bonde likafunguka, bahari ndogo ikaingia, na chini ya bahari hiyo lava ikamiminika. Lava ya bonde la nyuma ya upinde, alisema, huwa na damu mbili: damu ya kawaida ya sakafu ya bahari, na damu iliyopandishwa na ile sakafu iliyozama. Wengi walidhani mawe yake ni mabaki ya bahari ya kawaida tu. Yeye alidai ni ya bonde la nyuma, na alitaka kulithibitisha kwa kipimo.

Nakuleu aliuliza damu hiyo inaonekanaje. Lueth akamtajia thoriamu na niobiamu, na jinsi moja inavyopanda na nyingine inavyobaki nyuma. Alitaja bariamu pia, halafu akaifuta mwenyewe, kwamba mwamba ukizeeka bariamu hutangatanga, ushahidi wake haufai. Nakuleu alifikiri kidogo akasema ni kama kuchemsha mifupa: mafuta yanakuja juu, mifupa inabaki chini, na mwenye kuonja mchuzi anajua kilichokuwa chunguni hata asipofunua kifuniko. Mchuzi wa magharibi una mafuta mengi na hauna mfupa. Na haya meusi ya Lodwar? Lueth akasema haya ni vitoto vya juzi tu, yametoka pale Bonde la Ufa linapopanuka, kwenye joto la chini kabisa lisilojua bahari, na niobiamu imejaa tele. Nakuleu akasema basi haya yamepakuliwa pamoja na mifupa yake. Tangu siku hiyo alijiona mwenye hisa katika swali lile.

Mawe ya kilima cha mwisho yalikuwa kumi na nane. Alipofika la kumi na nne, mkono ukasita. Lilikuwa na ngozi ile ile ya kahawia kama wenzake, uzito ule ule, lakini nyundo iliposhuka lililia kwa sauti ya juu, na ndani lilikuwa jeusi, halina ukijani. Aliligonga tena kuhakikisha. Alhamisi ile alimwekea Mukendi mezani nusu ya jiwe ambayo hakuivunja.

"Hii hailii kama wenzake," alimwambia.

Mukendi alikwisha kuona. "Nilishaandika, maman. Iko mu kitabu," alisema, akamwonyesha mstari kwenye daftari lake kuwa jiwe la kumi na nne lina sauti tofauti na rangi tofauti. Lueth alipoulizwa alisema watoto wa mama mmoja hawafanani, huenda hilo lilikaa mbali na joto lililowageuza wenzake rangi. Alilitoa mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya kilima. Likasagwa likatumwa pamoja na mengine.

Majibu yalirudi baada ya miezi mitano. Mawe kumi na saba yalisema kwa kinywa kimoja: bonde la nyuma ya upinde, thoriamu juu, niobiamu chini, kama Lueth alivyodai. La kumi na nne lilisema Bonde la Ufa. Lilikuwa na niobiamu mara nyingi kuliko wenzake, ndugu kabisa wa lava changa ya Lodwar, na halikuwa na haya yoyote.

Lueth hakulificha. Aliandika ripoti yake na jiwe hilo humo ndani, kwa maelezo ya kubahatisha. Msomaji wa nje aliyepewa kuipima ripoti hakubahatisha. Aliona picha ambayo Lueth kwa wema wake aliiweka ukurasa wa tatu, Nakuleu amekaa na nyundo anavunja sampuli, na nyuma yake rundo la kokoto nyeusi kubwa kama nyumba. Akaandika kwamba jibu limo pichani. Vipande vya kokoto vimeingia kwenye sampuli, na kama vimeingia kwenye moja, nani atathibitisha havikuingia kwenye nyingine? Alishauri mawe yote yatayarishwe upya Nairobi, na kama mpaka mwezi wa sita hakuna maelezo, kazi ya uani Lodwar na ya kibanda cha Kakuma isimamishwe.

Lueth alikuja kumweleza Nakuleu mwenyewe, na hilo ni la kumsifu. Hakumwita mzembe. Aliuliza tu, akiangalia chini, kama haiwezekani siku ile kuwe na kipande kilichoruka. Nakuleu alimkumbusha turubai ya mawe ya Daktari iliyokuwa upande mmoja wa ua na kokoto upande mwingine, ukuta wa miti katikati. Alimkumbusha nyundo mbili, moja ya kokoto na moja ya sampuli, iliyooshwa kila baada ya jiwe. Na kipande kikiruka, alisema, kingekuwa kimoja. Lile jiwe lilikuwa jeusi lote, mpaka nusu aliyompa Mukendi. Wanawake wa kokoto walikwisha kusogea kusikiliza. Nakuleu akainua mkono wa kulia ili nao waone.

"Mkono yangu haijatoa jiwe hata moja mahali yake," alisema. "Hata moja."

Alilisema hilo tena kanisani Jumapili, na tena sokoni, na tena Alhamisi mbele ya Mukendi, ambaye alikuwa na la kupoteza kumshinda. Nakuleu akifukuzwa angebaki na kokoto zake. Mukendi angerudi kwenye redio. Hakulalamika, alifuta tu bakuli lake la akiki ambalo lilikuwa tayari safi. Nakuleu alipomwona akilifuta mara ya tatu, alichukua ile nusu ya jiwe la kumi na nne kwenye rafu, akaifunga ndani ya leso, akamwambia Lueth ampeleke mahali alipolitoa. Kama jiwe limetoka mlimani, wenzake wako mlimani pia. Yeye angewasikia.

Mukendi hakupata ruhusa ya kutoka kambini kwa wakati, kwa hiyo walikwenda wawili. Lueth aliendesha. Nakuleu hakuwa ameuliza jina la kilima, kwa kuwa Lueth huandika vilima kwa tarakimu, na ramani zake zina majina ambayo hakuna Mturkana aliyewahi kuyatamka. Walipoacha barabara na kufuata mkondo mkavu alikuwa bado anazungumza, akimfundisha Daktari namna ya kulisikiliza jiwe. Walipopita mawe mawili yaliyoegemeana, akapunguza maneno. Walipofika penye migunga ya ewoi ambapo mama yake alikuwa akianika maziwa mpaka yawe unga, akanyamaza kabisa. Lueth alidhani amechoka, akampa maji.

Walipanda kwa miguu. Karibu na kilele palikuwa na bega tambarare ambapo mwamba wa kijani unatokeza, na hapo Lueth alikuwa ameweka alama zake za rangi nyeupe siku ile ya mwisho, jua la saa saba, maji yamekwisha, akiwa peke yake na haraka. Aliionyesha alama ya kumi na nne. Ilikuwa kwenye ukingo wa mawe yaliyotawanyika kwa duara pana, nusu yamezama kwenye changarawe, na mtu asiyejua angesema ni mwamba uliopasuka wenyewe. Lueth akapanda juu yake, akaanza kueleza.

Nakuleu alikuwa ameliona jiwe jeupe la upande wa magharibi, lile ambalo mama yake aliliweka upande wa kichwa siku ya kuzika.

"Daktari," alisema, "toa mguu hapo. Hapa ni kwa baba."

Lueth alishuka haraka mpaka akateleza. Nakuleu hakumtazama. Alikaa chini, akaifungua leso, akaiweka ile nusu mapajani, na sasa, ikiwa mahali pake, aliitambua. Miaka kumi na mbili iliyopita, mwaka wa kwanza alipopata nauli na nafasi, alikuwa ameleta jiwe. Kwao ndivyo. Anayepita kaburini huongeza jiwe, na mtoto aliyehama huleta la huko alikohamia, ili mzee ajue watu wake wako wapi. Alichagua jiwe zuri kupita yote kwenye machimbo yake ya Lodwar, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akalibeba ndani ya gunia juu ya lori la mahindi mpaka Kakuma, na kutoka hapo mabegani. Akamwambia baba yake, sasa nipo Lodwar, navunja haya, usinitafute kwingine. Halafu kazi ikamshika, goti likamshika, hakurudi tena. Mvua na mbuzi wakayashusha mawe, jua likalipaka lile jeusi rangi ya wenyeji wake, na lilipomrudia uani kwenye mfuko wenye namba, mwenyewe hakulijua. Alilimenya. Akalivunja punje punje.

Hapo alilia, na hakujificha. Alilia kwa ajili ya baba yake, na kidogo kwa ajili ya ule mkono alioinua mbele ya wanawake wa kokoto. Kwa kuwa lilimjia wazi kabisa: kati ya watu wote waliotajwa katika habari ya jiwe hili, ni yeye peke yake aliyelitoa mahali pake pa kuzaliwa. Ulimi hauna mfupa. Angeweza kunyamaza. Lueth angesema ni jiwe lililoviringika kutoka sijui wapi, msomaji wa nje asingeamini, kazi ingefungwa, na sifa ya Nakuleu ingebaki nzima juu ya kibanda kilichofungwa cha Mukendi. Fikira hiyo ilimpitia, akaiona ni ya kijinga, akaiacha.

"Hii jiwe ni mimi nilileta," alisema. Akamweleza yote, gunia na lori na maneno aliyomwambia mzee.

Lueth alipiga magoti kwenye changarawe, mtu mzima na shahada zake, akaomba radhi mara nyingi. Alisema alipaswa kujua. Alisema miaka minne anatembea vilima vya watu akigonga. Nakuleu alimwacha aombe mpaka itoshe, kwa sababu ilistahili kuombwa, kisha akafuta uso.

"Wewe uliuliza jiwe ilizaliwa wapi," alimwambia. "Hukuuliza nani alibeba."

Lueth alitaka ile nusu irudishwe kaburini papo hapo. Nakuleu akakataa. Airudishe, kisha Lueth aende akasimulie nini Nairobi, kwamba mama mmoja alilia mlimani? Jiwe liende likamalize kazi yake kwanza. Alisimama, akachukua nyundo ya sampuli, akatembea hatua ishirini kutoka kwenye kaburi mpaka penye mwamba wenyewe, akagonga huku na huku akisikiliza, na alipopata mahali palipolia kwa sauti nzito ya wale kumi na saba, akamwita Lueth aje atoe jiwe lake la kumi na nne la kweli. Ndani lilikuwa kijani.

Waliporudi Lodwar, Nakuleu aliwakusanya wanawake wa kokoto bila kuombwa. Aliwaambia kwamba aliapa uongo bila kujua, kwamba mkono wake ndio uliohamisha, na akawaeleza ulihamisha nini na kumpelekea nani. Wengine walicheka, na mmoja, yule aliyemwazima nyundo miaka ishirini nyuma, alimshika bega akakaa naye mpaka jioni. Kisha Lueth akachagua jiwe jipya kutoka machimbo yale yale ya zamani, Nakuleu akalivunja, Mukendi akalisaga, likatumwa ng'ambo pamoja na lile la kijani, na barua ndefu ikatangulia kwa msomaji wa nje.

Mwezi wa sita ulikuja kabla ya majibu. Kibanda cha Kakuma kikasimama, na Mukendi akatengeneza redio mbili na feni moja, akisema kwa upole kwamba haziko mbaya. Nakuleu alimpelekea samaki wa ziwani, wa Longech, kila Alhamisi kana kwamba bado alikuwa na vipande vya kumpa. Hakuwa na wasiwasi, au alisema hakuwa nao. Yeye jiwe lake alilijua.

Majibu yalipofika, jiwe la machimbo ya Lodwar na lile la kaburini yalikuwa karibu sawa, kipimo kwa kipimo, mapacha wa lava moja. Lile la kijani lilikaa na wale kumi na saba bila ubishi. Msomaji wa nje aliandika barua fupi. Alisema ameridhika kwamba sampuli hazikuchanganywa wakati wa kutayarishwa, kwamba katika miaka yake yote hajapata kusoma maelezo ya namna hii, na kwamba kazi iendelee hapo hapo ilipo. Aliomba tu rundo la kokoto lihamishwe. Nakuleu alilihamisha, akalipeleka upande wa pili wa njia, na mpaka leo hueleza kwamba ni yeye aliyeamua.

Wiki iliyofuata walirudi kilimani. Lueth aliibeba ile nusu ya jiwe akiwa ameifunga kwenye shati safi. Nakuleu aliyakusanya mawe yaliyotawanyika, akayapanga upya juu ya baba yake, akaiweka ile nusu upande wa mashariki ilipokuwa zamani. Akazungumza naye kwa Kiturkana, bila kuona aibu ya mgeni. Alimwambia asishangae kupata nusu. Nusu nyingine imepanda ndege, imekwenda kwa Wazungu kuulizwa maswali, na imejibu vizuri. Yeye mzee ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kitale, alifuata ngamia aliyepotea, akamkosa.

Alipogeuka alimkuta Lueth ametoa kitu mfukoni. Lilikuwa jiwe dogo la mtoni, la duara, la kutoka Tarach, mto mkavu unaopita kando ya kambi. Alilishika bila kusogea. Nakuleu akamwuliza hilo ni sampuli ya nini.

Lueth alisema si sampuli. Alisema baba yake alifia njiani wakati wanakuja, mahali ambapo yeye alikuwa mdogo mno kupakumbuka na mama yake hakupenda kupataja, na sasa mama naye hayupo. Hakuna mtu duniani anayejua kaburi liko wapi. Tangu aletwe Kakuma ni miaka thelathini, na hajawahi kuwa na pa kwenda kusema hivyo.

"Mama," aliuliza, "mzee anaweza kunitunzia?"

Nakuleu alitazama mwamba wa kijani, na kaburi, na lile jiwe la mto lisilofanana na chochote juu ya kilima kile.

"Atakuja mwingine na nyundo," alisema. "Utamharibia hesabu."

"Najua," alisema Lueth.

Akamwonyesha pa kuliweka, kando ya lile la Lodwar, akasogeza mawe mawili ili lisiviringike. Lueth aliinama akaliweka, akabaki ameinama muda mrefu, midomo ikienda kwa Kidinka, lugha ya kwao. Kisha akakaa chini, akatoa daftari la kazi, akaandika tarakimu za mahali na tarehe, na chini yake: nusu jiwe la Lodwar, jiwe moja la Kakuma, yote yameletwa kwa mkono. Nakuleu alimwuliza ameandika nini, naye akamsomea. Akamwambia haijatosha, aandike na majina ya waliobeba, na ya waliobebewa. Lueth aliandika Nakuleu, akaandika Lokiru, akaandika lake mwenyewe. Kisha akaandika jina la baba yake, herufi kwa herufi, na Nakuleu akamwomba alitamke, ili Lokiru ajue amepata nani.